Kufikiri Huku Unatazamwa: Mwongozo Kamili wa Usaili wa Kazi za Programu kwa Wanawake

Usaili wangu wa kwanza wa kazi ya uhandisi wa programu ulifanyika kwenye jengo moja la ghorofa pale Posta, Dar es Salaam. Mezani walikaa wanaume watatu. Niliambiwa niandike ubaoni programu ya kutafuta neno linalojirudia mara nyingi zaidi katika maandishi. Swali hilo nilikuwa nimelifanya juma moja kabla, nikiwa kitandani, kwa dakika kumi. Nikashika kalamu ya ubao, nikaandika mistari mitatu, nikaifuta, nikaandika miwili. Mmoja wao akaniambia, "Usiogope dada, chukua muda wako," huku akitazama saa. Baada ya hapo sikumbuki nilichosema. Nilipanda daladala ya Mbezi, na kabla hatujafika Ubungo nilikuwa nimeshalitatua swali zima kichwani.

Tangu siku ile nimesailiwa mara nyingi, na miaka ya karibuni ni mimi ninayekaa upande wa pili wa meza. Nimewaona mabinti wenye uwezo mkubwa wakitoka mlangoni kama nilivyotoka mimi. Maarifa wanayo. Wanachokuwa hawajawahi kukifanya ni kufikiri kwa sauti mbele ya wageni wanaowapima.

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na wenzao wa Microsoft waliwapa wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta swali la aina hiyohiyo. Wengine walilifanya ubaoni huku msaili akiwatazama, wengine waliachwa chumbani peke yao. Ufanisi wa waliotazamwa ulikuwa chini ya nusu ya ule wa wenzao. Kwa wanawake pengo lilikuwa kubwa kuliko hapo: kati ya waliotazamwa hakuna aliyelipata, na walioachwa peke yao walilipata wote. Wanawake walikuwa wachache katika jaribio lile, kwa hiyo usilichukue kama hukumu ya dunia nzima. Mimi lilinionyesha kilichonipata pale Posta, na mwongozo huu wote nimeujenga juu yake.

Hatua ya 1: Uliza unaitiwa usaili wa aina gani

Ukipigiwa simu au kutumiwa barua pepe, usijibu "Asante, nitafika" ukaishia hapo. Uliza: usaili una hatua ngapi? Nitaandika programu mbele yenu, nitapewa kazi ya kufanya nyumbani, au ni maswali ya mdomo? Naruhusiwa kutumia lugha gani ya programu? Watakaonisaili ni wangapi, na wana nyadhifa gani? Tutazungumza Kiswahili au Kiingereza? Haya ni maswali ya kawaida kabisa na kampuni makini huyajibu siku hiyohiyo. Wenzetu wa kiume huyapata majibu haya kijiweni, kwa rafiki aliyesoma na mmoja wa wasaili. Wewe ambaye huna rafiki huyo, uliza waziwazi.

Kuhusu kuomba kazi yenyewe: tangazo likiorodhesha sifa kumi na mbili, nane zikiwa zako, omba. Nimeshiriki kuandika matangazo hayo. Sifa nyingi huongezwa na watu wanne tofauti, kila mmoja akitaja anachokipenda, na hatujawahi kumpata mtu mwenye zote.

Hatua ya 2: Soma, lakini usizame

Kwa kazi ya ngazi ya chini au ya kati, asilimia kubwa ya maswali huzunguka mambo machache: safu (array), matini (string), kamusi (dictionary, zile za ufunguo na thamani), rafu (stack) na foleni (queue), miti (tree), upangaji, utafutaji, na kueleza gharama ya algoridhimu, yaani hatua za kulitatua swali, kwa muda na kwa kumbukumbu ya kompyuta. Ongeza hifadhidata: kuunganisha majedwali, faharasa (index) hufanya nini, na kwa nini swali moja la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, linaweza kuwa zito. Chagua lugha moja unayoiota usiku, Python au JavaScript au Java, ubaki nayo. Tovuti za LeetCode na HackerRank zina mazoezi ya bure ya kukutosha. Maswali 60 uliyoyaelewa mpaka ukaweza kumfundisha mtu yana faida kuliko 300 uliyoyapitia kwa haraka.

Kwa ngazi ya juu utaulizwa kusanifu mfumo mzima. Hapa kwetu swali la malipo ya simu halikosekani. Jua hili moja vizuri: ujumbe wa uthibitisho kutoka kwa kampuni ya simu unaweza kufika mara mbili, kuchelewa, au usifike kabisa. Namba ya muamala ihifadhiwe kwa namna ambayo haiwezi kuingia mara mbili kwenye hifadhidata, mteja asije akapewa bidhaa mara mbili kwa malipo mamoja. Kisha pawe na kazi inayozunguka yenyewe kila baada ya muda kuuliza hali ya miamala iliyokwama. Ukiyasema hayo kabla hujaulizwa, wasaili wataacha kuandika na kuanza kukusikiliza.

Hatua ya 3: Zoea macho ya watu

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na kama muda wako ni mfupi, punguza hatua ya 2 uiwekee hii nafasi.

Anza peke yako. Weka simu juu ya vitabu, washa kamera, chukua swali jipya, ulitatue kwa dakika 30 huku ukisema kila unachofikiri. Itazame video hiyo baadaye. Itakuumiza, lakini itazame. Utajiona ukikaa kimya dakika nne nzima, ukisema "samahani" kila unapofuta mstari, ukicheka bila sababu. Hesabu "samahani" zako na uziandike kwenye daftari. Mimi mara ya kwanza nilizihesabu kumi na saba.

Juma la pili, mlete mtu mmoja. Anaweza kuwa mwenzako wa chuo, dada yako, hata jirani asiyejua chochote cha kompyuta, kazi yake ni kukaa, kukutazama na kuuliza "kwa nini?" kila mara usiposema unachofanya. Juma la tatu mtafute anayejua kazi, mwanamume, usiyemzoea sana. Nasema mwanamume kwa sababu chumba utakachoingia huenda kikawa na wanaume watupu, na mwili wako unahitaji kukizoea chumba hicho kabla ya siku yenyewe. Juma la nne wawe wawili, na umwombe mmoja wao akukatize makusudi. Kwa mazoezi mawili kwa juma, baada ya majuma matano utakuwa umetazamwa mara kumi, ukihesabu na kamera. Mara ya kumi haifanani hata kidogo na ya kwanza.

Ukiwa Dar, jengo la COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pale Kijitonyama lina Buni Hub, kituo cha ubunifu, na watu wa fani hii hukutana hapo. Apps and Girls, iliyoanza mwaka 2013, imekuwa ikiwafundisha mabinti wa Kitanzania kuandika programu, na waliopitia hapo wanafahamiana. Kuwaambia "naomba unitazame nikifanya swali kwa nusu saa" si kujidhalilisha.

Jambo jingine ni lugha. Wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili, tunaandika programu kwa maneno ya Kiingereza, kisha usaili unaanza kwa Kiswahili na kugeuka ghafla. Fanya nusu ya mazoezi yako kwa kila lugha. Swali lilelile, leo lieleze kwa Kiswahili, kesho kwa Kiingereza. Nimeshuhudia mtu akikosa neno tu, na wasaili wakaandika kwamba amekosa jibu.

Hatua ya 4: Litatue swali kwa sauti, hivi

Tuchukue mfano mmoja tuutembee wote. Umeambiwa: "Una orodha ya miamala ya siku. Kila muamala una namba ya simu, kiasi, na wakati kwa sekunde. Turudishie inayoshukiwa kurudiwa, yaani simu ileile, kiasi kilekile, ndani ya sekunde 60."

Usiguse kibodi. Uliza kwanza: "Orodha imepangwa kwa wakati? Sekunde 60 kamili inahesabika? Miamala ni mingi kiasi gani, elfu moja au milioni moja?" Tuseme wamejibu: imepangwa, 60 inahesabika, ni milioni moja.

Kisha toa mfano mdogo kwa mkono. "Simu A, Sh 5,000, sekunde ya 10. Simu B, Sh 5,000, sekunde ya 30. Simu A, Sh 5,000, sekunde ya 55. Simu A tena, sekunde ya 130. Wa tatu unashukiwa, kwa sababu 55 kutoa 10 ni 45. Wa nne haushukiwi, kwa sababu 130 kutoa 55 ni 75. Nimeelewa sawasawa?" Ukishapewa "ndiyo", huwezi tena kupotea kwa kutolielewa swali.

Sema njia nyepesi hata kama unajua ni mbovu: "Naweza kulinganisha kila muamala na kila mwingine. Kwa miamala 1,000 ni jozi 499,500. Kwa milioni moja ni karibu jozi bilioni 500, kwa hiyo haifai." Wasichana wengi huificha hatua hii wakidhani itawaaibisha. Isemeni. Kwenye karatasi yangu ya usaili ina alama zake.

Halafu njia bora: "Nitapita mara moja tu. Nitaweka kamusi ambayo ufunguo wake ni simu pamoja na kiasi, na thamani yake ni wakati wa mara ya mwisho." Sasa andika:

```
def iliyorudiwa(miamala):
    mwisho = {}
    majibu = []
    for m in miamala:
        ufunguo = (m["simu"], m["kiasi"])
        if ufunguo in mwisho and m["wakati"] - mwisho[ufunguo] <= 60:
            majibu.append(m)
        mwisho[ufunguo] = m["wakati"]
    return majibu
```

Ukimaliza usiseme "nimemaliza". Pitisha mfano wako wa mkono mstari kwa mstari, kwa sauti. Kisha jaribu pembezoni: orodha tupu, muamala mmoja, tofauti ya sekunde 60 kamili. Taja gharama: muda unakua sambamba na idadi ya miamala, na kumbukumbu pia, kwa ajili ya kamusi. Watakuuliza, "Na kama orodha haijapangwa?" Utaipanga kwanza, na upangaji ndio utakaotawala gharama. "Na kama kumbukumbu haitoshi?" Utaondoa kwenye kamusi kila kilichopita sekunde 60.

Ukikwama, na utakwama, kimya ndicho adui. Sema ulipofika: "Hapa najua ninachotafuta, bado sijaona namna ya kukipata bila kurudia orodha. Naomba dakika moja nichore." Msaili anayesikia hivyo ana kitu cha kukusaidia nacho. Asiyesikia chochote ataandika kwamba hukujua.

Hatua ya 5: Badilisha "tu" iwe "ni"

Binti mmoja niliyemsaili alitueleza kwa dakika kumi mfumo wa kusajili wagonjwa wa zahanati. "Tulitengeneza, tulibuni, tulirekebisha." Nikamuuliza, utafutaji uliokuwa mzito ulirekebishwa na nani? Akatazama chini. "Ni mimi." Alifanyaje? Hapo akaamka: aligundua hifadhidata inasoma jedwali zima kila mgonjwa anapotafutwa, akaweka faharasa kwenye namba ya kadi, na sekunde tisa zikashuka chini ya moja. Nisingeuliza, mwenzangu aliyekaa kushoto angeandika "alikuwepo kwenye timu".

Tumelelewa kwamba kujitaja ni kujisifu. Lakini usaili ni ushahidi, na shahidi husema alichokifanya yeye mwenyewe. Andika visa vinne vya kazi yako: kitu ulichokijenga, hitilafu ngumu uliyoitafuta, mgongano na mwenzako, na kosa ulilolifanya ukalirekebisha. Kila kisa kiwe na tatizo, ulichofanya wewe, na kilichobadilika, kwa namba ikiwezekana. Kisha pitia kila kitenzi. Penye "tuli-" weka "nili-", isipokuwa pale ambapo kweli mlikuwa wengi. Kama hujaajiriwa bado, mradi wa chuo au programu uliyomtengenezea shangazi yako ya kuhesabu mauzo ya duka inatosha, mradi iwe inafanya kazi.

Hatua ya 6: Heshima yako ibaki, na hoja yako ibaki

Ukiingia na kumkuta mtu mzima, mwamkie. Shikamoo haikupunguzii kitu. Tatizo huanza pale sauti ile ya shikamoo inapoendelea mpaka kwenye swali la kitaalamu, ukajikuta unakubali kila anachosema mzee kwa sababu hukulelewa kumbishia. Wasaili wengine hutoa wazo baya makusudi waone kama utalikubali. Tenganisha mambo mawili hayo: salamu ni kwa mtu, jibu ni kwa swali.

Zoea kutamka sentensi hizi mpaka ziwe zako: "Nimekuelewa, lakini nadhani njia hiyo itakwama orodha ikiwa tupu, naomba nikuonyeshe." "Naomba nimalize hatua hii, kisha nirudi kwenye swali lako." "Hapo nilikosea, narekebisha." Hiyo ya mwisho isemwe mara moja, bila samahani kumi na saba.

Usiposikilizwa, yaani mmoja akirudia wazo lako na wengine wakalipokea kana kwamba ni lake, endelea kutoka hapo: "Ndiyo, kama nilivyosema, kamusi itatusaidia, sasa gharama yake ni hii." Usigombane, usilipoteze pia.

Hatua ya 7: Maswali yasiyopaswa kuulizwa

"Umeolewa?" "Una mpango wa kuzaa karibuni?" "Mumeo atakubali urudi usiku?" Nimeulizwa yote matatu, sehemu tofauti. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya kifamilia, na kinga hiyo inamhusu hata anayeomba kazi. Ukiomba kwenye kampuni za Nairobi, Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja jinsia, ujauzito na hali ya ndoa vilevile.

Lakini pale mezani huendi kusoma sheria. Tafuta swali la kazi lililojificha ndani yake, ulijibu hilo: "Kama unataka kujua kuhusu zamu za usiku, ndiyo, naweza. Nilipotoka nilishika zamu juma moja kila mwezi." Mara nyingi hapo huishia. Akirudia, sema kwa utulivu, "Hilo ningependa tuliache, tuendelee na kazi." Unaweza kuikosa nafasi kwa jibu hilo. Andika maneno waliyosema, tarehe na majina, ukitoka tu, kumbukumbu ikiwa mbichi. Na ujiulize kwa dhati kama ungetaka kumwomba likizo ya uzazi ya siku 84 mtu aliyekuuliza hivyo.

Kuna jambo zito kuliko hayo. Mtu akikuambia usaili wa mwisho utafanyika hotelini jioni, ninyi wawili, au akikudokezea kwamba kazi ipo ukimwelewa, hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usiende. Hifadhi ujumbe wote, usifute hata mmoja, mwambie mtu unayemwamini, na piga TAKUKURU namba 113. Hukusababisha wewe, hata kama ulimjibu ujumbe wa kwanza kwa adabu.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Usaili wa mtandaoni: chaji kila kitu tangu usiku, nunua kifurushi kwenye laini mbili za mitandao tofauti, na tayarisha simu iwe njia ya pili umeme ukikatika. Waambie watu wa nyumbani saa kamili, na kama una mtoto mdogo, apelekwe kwa jirani au bibi mapema, asichukuliwe dakika ya mwisho akilia. Usaili wa ana kwa ana: fika eneo lile nusu saa kabla. Vaa nguo uliyowahi kuivaa, usiyohitaji kuivutavuta ukiandika ubaoni. Asubuhi fanya swali moja jepesi unalolijua, kwa sauti, ili ulimi uamke. Jipya usiliguse.

Hatua ya 9: Mshahara

Usitaje namba kabla hujaijua ya kwao. "Kwa nafasi hii mmetenga kiwango gani?" ni swali halali. Wakikusukuma, taja kiwango ulichokitafiti kwa watu watatu wanaofanya kazi hiyo, wanaume wawemo, kwa sababu ukiwauliza wanawake peke yao utarithi mapunjo yao.

Uliza pia kama ni mshahara ghafi au wa mkononi. Kwa viwango ninavyokatwa mimi, ghafi ya Sh 2,000,000 hutoka NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 200,000, kisha PAYE (kodi ya mshahara) 368,000, unabaki na 1,432,000. Kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo, toa asilimia 15 nyingine, yaani 300,000. Zimebaki 1,132,000. Nilisaini mkataba wangu wa kwanza bila kupiga hesabu hii, nikaijua siku ya mshahara. Na ukitajiwa kiasi, sema "Asante, naomba siku mbili nitafakari." Hakuna ofa niliyowahi kuiona ikiyeyuka kwa siku mbili.

Hatua ya 10: Ukikataliwa

Mwaka 2016 watu wa interviewing.io, jukwaa la kufanyia mazoezi ya usaili, walitazama nani huacha baada ya kufanya vibaya. Wanawake waliofanya vibaya mara ya kwanza waliacha karibu mara saba zaidi ya wanaume waliofanya vibaya vilevile. Wanaume walikuwa wanashindwa pia, wanarudi tu. Kwa hiyo panga tangu mwanzo kwamba utaomba nafasi nane, na andika tarehe za maombi yote nane kabla hujajibiwa la kwanza.

Barua ya kukataliwa ikifika, jibu ndani ya siku mbili: "Asante kwa muda wenu. Naomba mnitajie jambo moja la kitaalamu ambalo lingefanya maamuzi yenu yawe tofauti." Wengine hawatajibu. Atakayejibu amekupa bure kitu cha kufanyia kazi. Na lile swali lililokushinda, usilifanye kitandani. Mwite yule mwenzako wa mazoezi, mwambie awashe kamera, ulifanye tena akikutazama.